Moja ya Moseley na Namba Nne za Elektroni

Vitabu vingi vya fizikia na kemia huzifikia namba za kwantamu kwa njia ileile. Huanza na atomu ya haidrojeni, yenye elektroni moja tu, hueleza nadharia ya Niels Bohr ya mwaka 1913, kisha huhamia kwenye mlinganyo wa mawimbi wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926. Namba tatu hutoka humo kama majibu ya hesabu, na ya nne, ya spini, huongezwa mwishoni. Kinga ya elektroni, yaani namna elektroni za ndani zinavyopunguza mvuto wa kiini kwa zile za nje, huja sura kadhaa baadaye, kana kwamba ni marekebisho madogo ya nadharia iliyokwisha kukamilika. Mpangilio huo unamrahisishia mwanafunzi hesabu, lakini unapotosha historia. Haidrojeni peke yake isingetufundisha namba hizo zote. Zilipatikana kwenye atomu zenye elektroni nyingi, sodiamu na shaba na metali nyingine, na kilichozifanya zionekane ni kinga yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani kuliko elektroni. Mwaka 1885 Johann Balmer, aliyekuwa akifundisha shule ya wasichana mjini Basel, alipata kanuni fupi iliyotoa urefu wa mawimbi ya mistari minne ya mwanga wa haidrojeni, ile ya nanomita 656, 486, 434 na 410, kwa kutumia namba kamili tu. Katika chuo kikuu cha Lund, Uswidi, Johannes Rydberg alikuwa na kazi ngumu zaidi. Alitaka kanuni itakayofaa kwa lithiamu, sodiamu na potasiamu pia, na kwenye metali hizo namba kamili hazikutosha. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1890 alionyesha kwamba mistari ya kila mfululizo hufuata kanuni inayofanana na ya Balmer, ila kila namba kamili ibadilishwe kwa sehemu fulani. Sehemu hiyo haibadiliki ndani ya mfululizo mmoja, lakini hutofautiana kutoka mfululizo hadi mfululizo. Kwa sodiamu, mfululizo mmoja unadai kutoa karibu 1.37, mwingine karibu 0.88, na wa tatu karibu 0.01. Haidrojeni haidai chochote. Wapimaji wa mwanga waliipa mifululizo hiyo majina kulingana na sura yake kwenye bamba la picha: mikali, mikuu, iliyosambaa. Kutoka kwenye majina hayo ndipo zilipopatikana herufi s, p na d ambazo kila mwanafunzi wa kemia huziandika leo. Kwa hiyo hata herufi zenyewe ni mali ya sodiamu na jamaa zake.

Rydberg hakuweza kujua sehemu ile inatoka wapi, kwa sababu J. J. Thomson aliitambua elektroni mwaka 1897 na Ernest Rutherford alitangaza kiini mwaka 1911. Lakini tukitazama nyuma tunaona alikuwa amepima nini. Elektroni ya nje ya sodiamu ina protoni 11 mbele yake na elektroni 10 kati yake na kiini. Kama kinga ya zile kumi ingekuwa kamili, elektroni ya nje ingeona chaji moja tu, na sodiamu ingetoa mistari ileile ya haidrojeni. Kila sehemu aliyoitoa Rydberg ni kipimo cha kinga isiyokamilika. Kwa kuwa kila mfululizo una sehemu yake, inafuata kwamba kinga haitegemei tu umbali wa tabaka. Inategemea pia aina ya mwendo wa elektroni. Hapo, miaka ishirini na zaidi kabla ya Bohr, namba ya pili ya kwantamu ilikuwa tayari imeandikwa kwenye majedwali, ikisubiri jina.

Hatua ya pili ni ya Henry Moseley, kijana aliyezaliwa mwaka 1887 na kufanya kazi Manchester chini ya Rutherford, kisha Oxford. Mwaka 1913 alichukua elementi za mfululizo kuanzia kalisi hadi zinki, akazipiga kwa elektroni zenye kasi, akapima eksirei zilizotoka kwa kuzipitisha kwenye fuwele na kuzipokea kwenye bamba la picha. Aliona kwamba kipeuo cha pili cha marudio ya mawimbi hayo hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata. Akiyachora, nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Kutoka hapo ilithibitika kwamba nafasi ya elementi kwenye jedwali huamuliwa na chaji ya kiini chake. Uzito wa atomu haukuwa msingi. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, 58.93 dhidi ya 58.69, na bado eksirei zake zinaiweka nafasi ya 27, kabla ya nikeli yenye 28. Moseley alipoendelea mwaka 1914 hadi dhahabu, nafasi 43, 61 na 75 zilibaki wazi, naye akasema kwa uhakika kwamba kuna elementi hazijapatikana.

Mafanikio hayo yanasifiwa sana, na kwa haki. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba mstari wa Moseley haukuanzia sifuri. Kwa eksirei kali zaidi, zilizoitwa K, ilibidi atoe moja kutoka namba ya elementi kabla ya kuipandisha kipeo cha pili. Kwa zile za L ilibidi atoe 7.4. Chukua shaba, namba 29. Toa moja, upate 28. Mraba wake ni 784. Zidisha kwa elektronivolti 10.2, ambazo ni tofauti ya nishati kati ya hatua ya kwanza na ya pili ya haidrojeni, na utapata karibu 8,000. Kipimo halisi ni karibu 8,050. Yaani elektroni inayoanguka katika kina cha atomu ya shaba inaenda kama ile ya haidrojeni, mradi uhesabu kwamba chaji moja ya kiini imefichwa. Kwenye tabaka linalofuata zinafichwa saba na zaidi. Kutoka tofauti hii ya moja na 7.4 tunasoma kwamba atomu ina matabaka, kwamba la ndani kabisa lina elektroni chache mno, na kwamba la pili lina nyingi zaidi. Bamba la picha lilikuwa limehesabu wakazi wa atomu kabla nadharia haijajua kuwahesabu.

Pingamizi lilikuja mapema. Frederick Lindemann aliandika mwaka 1914 kwamba kanuni ya Moseley ingeweza kupatikana kwa dhana nyingine, na kwa hiyo isichukuliwe kuwa ushahidi wa nadharia ya Bohr. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, tena uzito mkubwa kuliko wengi wanavyokubali. Moseley mwenyewe alielezea ile moja yake kwa pete ya elektroni nne zinazozunguka pamoja, ambayo kwa hesabu hutoa kinga ya 0.96. Hesabu ilikaribia, maelezo yalikuwa na makosa. Walther Kossel ndiye aliyeona kinachotokea: elektroni moja hung'olewa kutoka tabaka la ndani, nyingine kutoka juu huanguka kuziba nafasi hiyo, na eksirei ni nishati ya anguko hilo. Hata hapo ile moja si elektroni moja iliyobaki ikikinga peke yake kikamilifu. Ni jumla ya michango ya elektroni kadhaa kabla na baada ya anguko. Je, hili linaiangusha hoja yangu? Sioni hivyo. Lindemann alikuwa sahihi kwamba kipimo hakithibitishi mfano mmoja. Lakini kipimo kilikaa wakati mifano ilikuwa ikipita, na kila mfano mpya ulilazimika kurudi kwenye moja na 7.4 kujibu maswali. Moseley hakupata nafasi ya kuendelea na kazi hiyo. Aliuawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915 akiwa na miaka 27.

Mjini Munich, Arnold Sommerfeld alipanua njia za Bohr mwaka 1915 na 1916 kutoka duara hadi duaradufu, na kwa hiyo akahitaji namba ya pili, ya umbo la njia, na ya tatu, ya mwelekeo wake ndani ya uga wa sumaku. Mtu anaweza kusema hapa: basi namba ya pili ilitoka haidrojeni, kwa sababu Sommerfeld aliitumia kueleza mgawanyiko mdogo sana wa mistari ya haidrojeni. Ni kweli aliitumia hivyo, na ilifanikiwa. Lakini mafanikio yale yalikuwa ya bahati kwa kiasi, kwa kuwa nadharia yake haikuwa na spini, ambayo ni sehemu ya sababu halisi ya mgawanyiko huo. Zaidi ya hayo, kwenye haidrojeni umbo la njia hubadilisha nishati kwa kiasi kidogo mno. Linganisha na sodiamu. Nishati ya kuing'oa elektroni kutoka hatua ya tatu ya haidrojeni ni elektronivolti 1.51, iwe njia ni s, p au d. Kwenye sodiamu, hatua hiyohiyo ya tatu inatoa 5.14 kwa s, 3.04 kwa p na 1.52 kwa d. Ya d haitofautiani na haidrojeni ila kwa sehemu ndogo ya mia. Ya s ni zaidi ya mara tatu. Elektroni ya d hukaa mbali, na kwake zile kumi za ndani ni kinga karibu kamili. Elektroni ya s hupenya hadi karibu na kiini, na kila inapofika ndani ya elektroni zinazokinga, kinga hiyo inabaki nyuma yake. Schrödinger alilieleza wazo hili la njia zinazozama mwaka 1921, miaka mitano kabla ya mlinganyo uliompa jina, na Bohr akalikuza. Mwanga wa njano wa sodiamu, wa nanomita 589, ambao watu wengi wameuona kwenye taa za barabarani, ni tofauti ya 5.14 na 3.04. Bila kinga usingekuwepo.

Mwanga huo ulikuwa na siri nyingine. Mstari wa njano ni miwili, 589.0 na 589.6, na ndani ya uga wa sumaku hugawanyika kwa namna ambayo namba tatu haziwezi kuieleza. Alfred Landé, na Werner Heisenberg naye, walidhani mgawanyiko unatoka kwenye elektroni za ndani: kwamba kundi linalokinga lina mzunguko wake, na elektroni ya nje inaukabili. Wolfgang Pauli aliipinga dhana hiyo mwishoni mwa mwaka 1924 kwa hoja ninayoiona kuwa kati ya zilizo safi kabisa katika fizikia ya karne iliyopita. Alisema: katika atomu nzito, elektroni za ndani kabisa huenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kama mgawanyiko ungetoka kwazo, basi ungebadilika kadiri chaji ya kiini inavyoongezeka, kwa kiasi kinachoweza kupimika. Vipimo havionyeshi mabadiliko hayo. Kwa hiyo tabaka lililojaa halina mzunguko wowote wa jumla. Linapunguza chaji ya kiini na halifanyi zaidi. Uwili ule ni wa elektroni ya nje yenyewe. Ndivyo namba ya nne ilivyozaliwa: kwa kuchunguza kwa makini kile ambacho kinga inaweza kufanya na kile isichoweza.

Mwaka huohuo Edmund Stoner, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, alitazama ngazi za eksirei, zilezile zilizofunguliwa na Moseley, akaona kwamba tabaka la pili halijagawanyika nne kwa nne kama Bohr alivyopendekeza, bali mbili, mbili na nne. John David Main Smith, mkemia wa Birmingham, alikuwa amefikia mgao kama huo kwa upande wa kemia. Pauli alipousoma mgao wa Stoner aliona kwamba idadi ya elektroni katika kila kijitabaka kilichojaa ni sawa na idadi ya hali ambazo elektroni moja ya nje ya metali kama sodiamu inaweza kuzichukua ndani ya uga wa sumaku. Basi kila elektroni inashika hali yake peke yake. Mapema mwaka 1925, akiwa Hamburg, aliandika kwamba hakuna elektroni mbili katika atomu moja zenye namba zote nne sawa. Kutoka sentensi hiyo zinatoka 2, 8, 18 na 32, idadi za elektroni katika matabaka yaliyojaa. Baadaye mwaka huo, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit wa Leiden waliipa namba ya nne maana ya spini ya elektroni. Ralph Kronig alikuwa amelifikia wazo hilo miezi kadhaa mapema, akavunjwa moyo na Pauli, akaliacha.

Sasa pingamizi kubwa kuliko yote. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 unazitoa namba tatu kutoka haidrojeni bila kinga ya aina yoyote. Mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 unaitoa na spini. Kwa nini basi tusiseme kwamba msingi ni haidrojeni, na mengine ni njia iliyopinda ambayo watu walilazimika kuipita? Jibu langu ni kwamba mlinganyo unaonyesha namba zinaweza kupatikana wapi, lakini hauonyeshi watu walijuaje kwamba zipo na kwamba ni nne. Schrödinger alijua jibu alilotakiwa kulifikia. Namba zilikuwa tayari kwenye majedwali ya wapimaji wa sodiamu na eksirei, na mlinganyo ulihukumiwa kwa kuzitoa. Wala sheria ya Pauli haiwezi kutoka kwenye atomu yenye elektroni moja, maana inahusu elektroni mbili na zaidi.

Wapo pia wanaosema kinga ni usemi tu, kwa kuwa elektroni hazitofautishiki na hakuna iliyopewa kazi ya kukinga. Wana haki kiasi. Heliamu ina elektroni mbili, na hakuna mlinganyo wake unaotatuliwa kikamilifu kwa kalamu. Ukidhani kila moja inaona chaji ya 27/16, yaani karibu 1.69 badala ya 2, unapata nishati ya jumla ya elektronivolti 77.5, kipimo ni 79.0. Tofauti hiyo ndogo ni mambo ambayo kinga ya wastani haiyaoni. Lakini tazama jinsi inavyofika mbali. Douglas Hartree alianza mwaka 1927 kuhesabu atomu kwa kudhani kila elektroni inatembea katika uga wa wastani wa nyingine zote, akirudia hesabu hadi uga na mwendo vikubaliane, na baba yake William alimsaidia kwa mkono katika hesabu hizo. Mwaka 1930 Vladimir Fock na John Slater, kila mmoja kwa njia yake, waliitia sheria ya Pauli ndani ya hesabu hiyo. Mwaka huohuo Slater alitoa kanuni rahisi ambazo wanafunzi bado wanazitumia: kwa elektroni ya nje ya sodiamu, zile nane za tabaka la pili zinakinga 0.85 kila moja, mbili za ndani kabisa zinakinga moja kila moja, jumla 8.8, na chaji inayobaki ni 2.2. Uga wa wastani ndio msingi wa hesabu za atomu na molekuli hadi leo. Usemi usio na maana usingeweza kubeba mzigo huo.

Hapo ndipo pia fumbo la potasiamu linapofunguka, fumbo linalowasumbua wanafunzi wengi. Tabaka la tatu lina nafasi kumi za d zikiwa tupu, na bado elektroni ya 19 inakwenda 4s, yaani s ya tabaka la nne. Sababu ni kupenya: elektroni ya 4s hufika karibu na kiini, ya 3d kwenye potasiamu inakingwa karibu kabisa. Chaji ya kiini ikiongezeka, 3d inazama haraka, na ndiyo maana chuma kikipoteza elektroni kinapoteza kwanza za 4s. Orodha ya kujaza matabaka inayokaririwa darasani ni matokeo ya mashindano haya.

Ushindi ulio wazi zaidi wa fikra hii ni elementi ya 72. Kijitabaka cha 4f kinachukua elektroni 14, kwa hiyo Bohr alisema familia ya lanthanidi inaishia 71, na ya 72 itakuwa ndugu wa zirkoni. Georges Urbain wa Paris alidai ameshaipata kati ya lanthanidi. Dirk Coster na György Hevesy waliitafuta kwenye madini ya zirkoni kwa eksirei, mjini Copenhagen, wakaiona mistari yake kwenye mahali palipotabiriwa na mstari wa Moseley. Bohr aliitangaza katika hotuba yake ya Nobel mwezi Desemba 1922. Ikaitwa hafniamu.

Jirani yake wa 73, tantalamu, yuko karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Charles Hatchett aligundua niobi mwaka 1801 na Anders Ekeberg tantalamu mwaka 1802. Mwaka 1809 William Wollaston alitangaza kwamba ni kitu kimoja, na kosa hilo lilidumu hadi Heinrich Rose alipolisahihisha mwaka 1844. Kufanana kwao kunatokana na kinga. Elektroni 14 za 4f zinakinga vibaya, chaji 14 zilizoongezeka kwenye kiini zinavuta elektroni za nje, na tantalamu, iliyopaswa kuwa kubwa kuliko niobi, inasinyaa hadi ioni zake zinalingana na za niobi kwa ukubwa. Kwa hiyo mwamba hauzitenganishi. Zinakaa pamoja katika jiwe moja, na jiwe hilo ni koltani inayochimbwa Kivu na Rwanda.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaoandika vitabu vya sekondari na vyuo vyetu. Kabla ya kumpa mwanafunzi namba nne akariri, mpeni mistari ya sodiamu ya Rydberg na jedwali la Moseley, na mwacheni atoe moja kwa mkono wake mwenyewe.